Fungu la Shemeji

Jumamosi, 6 Septemba

Mwalimu wa darasa la wazee amesema kila mwanafunzi aandike siku yake, ati mkono ulainike. Mkono wangu! Mkono huu umeelekeza lori mpaka Moyale wakati barabara ilikuwa mawe na simba. Dereva alishika usukani, ndiyo, lakini nani alikaa kando yake akimwambia gia gani? Basi. Naandika kwa sababu mimi ndiye wa kwanza darasani. Wa pili ni Gollo, na Gollo haoni ubao.

Jina Shuriye. Babu yangu alikuja Isiolo akiwa askari wa Mwingereza. Koti lake ninalo. Linanikaa vizuri, ila vifungo havifiki.

Habari ya leo ni kubwa. Nimepeleka posa kwa Barwaqo. Barwaqo ni mjane, anauza maziwa ya ngamia sokoni, ana friji yake, gari lake na ulimi wake. Mke wangu, Mungu amrehemu, alitangulia zamani. Binti yangu Hoda ameolewa, anakaa mtaa wa Kiwanjani. Nyumba hii ya mtaa wa Wabera imekuwa kimya. Natoa amri asubuhi, hakuna wa kuikataa. Mtu anaweza kuugua.

Shida ni moja na ina jina. Jattani! Dalali wa mbuzi. Sikio la kushoto halisikii, la kulia linasikia likitaka. Na yeye amepeleka posa, wiki ileile, kama tuko mnadani. Barwaqo amemwambia kaka yake Abdikadir kwamba atatoa jibu Ijumaa baada ya swala. Lakini kwanza anataka kula na kila mmoja wetu, mara moja, mchana, mbele ya watu: Jattani Jumanne, mimi Alhamisi. Nikasema vyema, nitachinja mbuzi hapa kwangu na nitagawa mwenyewe. Isiolo nzima inajua ni nani anagawa nyama mji huu. Harusi, khitma, aqiqa, kisu kiko kwangu. Akakataa! Amechagua mahali pake yeye. Kwa Lokaale, anayeuza samaki wa Kijapani.

Maneno yameletwa na Hoda. Ati marehemu mume wa Barwaqo alimchagulia kila kitu. Nguo. Rangi ya viatu. Hata sahani ikija, ubavu gani ale. Sasa anataka kuona mwanamume akikaa tu wakati mtu mwingine anaamua. Hiyo tu, Aabo, akasema Hoda, ndivyo anavyoniita baba yake. Kukaa na kunyamaza.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kukaa! Nimekaa maisha yangu yote.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeenda kukagua uwanja, kama askari.

Lokaale ni Mturkana, mtoto wa ziwa. Alimkatia Mjapani samaki huko Nairobi mpaka Mjapani akachoka akarudi kwao. Sasa amefungua chumba nyuma ya duka la mabati. Kaunta moja ya mbao, viti virefu kama vya kinyozi, meza hakuna. Watu wanakaa mstari mmoja wakimtazama yeye. Mchumba wako huoni uso, unaona sikio. Wateja ni watalii wa kwenda Samburu, mainjinia wa barabara, na vijana wa benki wanaokuja kupiga chakula picha.

Samaki anatoka baharini kwa ndege mpaka Nairobi, halafu analetwa huku kwenye barafu na zile gari za miraa. Hapo nilimheshimu kidogo. Gari za miraa hushuka zikikimbia kama zimeiba, halafu zinarudi tupu. Hasara tupu hiyo, na hakuna mtu aliyeiona miaka yote. Mimi niliiona. Sikusema tu.

Lakini samaki anampa mtu mbichi. Mbichi! Juu ya wali uliopoa. Kwetu samaki ni nyoka aliyekosa nchi kavu. Wazee wetu walikuwa na tusi: usinisemeshe kwa mdomo uliokula samaki. Lilikuwa ndilo tusi la mwisho. Baada yake ni fimbo.

Nikamwambia Lokaale, Alhamisi ninakuja na mgeni wa heshima, shika haya vizuri. Kwangu wali moto. Nyama ya nundu ya ngamia, iive. Mama apewe kuku. Lokaale akafuta kisu chake polepole. Akasema hapa mtu haagizi. Akataja neno la Kijapani, omakase. Maana yake ati, nakuachia wewe. Mpishi anaangalia samaki aliyeletwa siku hiyo, anaamua mwenyewe, anakuwekea kimoja kimoja. Nikamuuliza, na mteja kazi yake ni gani? Akasema: "Mzee, unakaa, unakula, unashukuru."

Nakuachia wewe! Mimi sijamwachia mtu kitu tangu nizaliwe. Hata siku ya kutahiriwa nilitoa maelekezo.

Na bado. Ati nisije na marashi, yanaua harufu ya samaki. Nikamwambia kuua harufu ya samaki ni thawabu. Mtu aende kuposa bila uudi, kama mwizi wa punda? Akasema hiyo ndiyo sheria ya hapa. Nikaondoka bila kuaga. Nilirudi kumwonyesha kwamba kaunta yake imelala upande mmoja, halafu nikaondoka tena.

Jumatatu, 8 Septemba

Mazoezi.

Hoda amekuja na samaki wa kukaanga, ati nianze na aliyeiva. Nikafunga macho. Samaki akanitazama. Hata macho yakiwa yamefungwa nilijua ananitazama. Paka wa jirani amepata riziki yake.

Zoezi la pili, kukaa. Hoda akasema, Aabo, nitakupikia chai, wewe usiseme neno. Rahisi! Akamwaga maziwa kabla ya majani. Nikanyamaza. Akaweka sufuria kwenye lile jiko linalovuta upande mmoja. Nikanyamaza, nimeshika mkono wa kiti. Akainua kijiko cha sukari. Kijiko hakikujaa.

Basi. Hoda anasema nilipiga kelele. Nilisema kwa sauti ya kusikika, ni tofauti. Nikachukua kijiko nikatengeneza mwenyewe, na ilikuwa chai nzuri sana. Hoda hakuinywa. Akasema Barwaqo hatajali kama napenda samaki ama sipendi, atakuwa anatazama mikono yangu. Nikamwambia mikono yangu ni safi.

Hata hivyo dawa ya samaki nimeipata. Nyirinyiri! Nyama ya ngamia, imekatwa vidogo kama maharagwe, imekaangwa ikakauka, halafu ikalazwa ndani ya samli. Inakaa miezi. Nitaiweka mfukoni mwa koti la babu. Lokaale akiweka samaki, samaki anaingia mfuko wa kushoto, nyirinyiri inatoka mfuko wa kulia. Mdomo unatafuna, kila mtu anafurahi. Jattani hawezi kufikiria jambo kama hili hata umpe mwaka.

Jumanne, 9 Septemba

Leo ilikuwa zamu ya Jattani. Sikwenda kupeleleza. Nilikwenda kwa fundi wa pancha, yule wa ng'ambo ya barabara, kuangalia mambo ya tairi. Fundi akauliza tairi gani, na mimi sina gari. Nikamwambia aangalie kazi yake.

Mlango wa Lokaale huwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hivyo nimeona yote. Aibu! Jattani amekaa kama ng'ombe kwenye hori. Kinawekwa, anakula. Kinawekwa, anakula. Hakuuliza ni nini. Hakumwelekeza Lokaale hata mara moja. Hakumchagulia Barwaqo kitu, maskini mama wa watu akala vyake kwa mkono wake, kama mtu asiye na mwenyewe. Katikati nafikiri Jattani alisinzia. Barwaqo alicheka sana, akamgonga bega kwa mkoba aamke. Kicheko cha huruma. Kinajulikana.

Baada ya magharibi nikamkuta nje ya msikiti. Nilikuwa nimelinoa tusi tangu mchana. Nikamwambia mbele ya wazee wote: "Jattani, usinisemeshe kwa mdomo uliokula samaki!" Nikangoja fimbo. Akageuza sikio zuri. Nikarudia. Akafikiri. Akasema, ilikuwa tamu.

Tusi la mababu, limekwenda bure hivyo.

Halafu nikiwa naondoka akasema shida yangu mimi si samaki. Ati hata khitma ya mama yake, mama yake yeye Jattani, nyama niligawa mimi. Wazee wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Ndiyo niligawa! Angegawa nani? Wao walikuwa wanalia.

Jumatano, 10 Septemba

Matayarisho. Koti la babu limetoka sandukuni. Linanuka dawa ya nondo, kwa hivyo nimelifukiza uudi tangu asubuhi mpaka jirani akauliza kama kuna maiti. Lokaale alisema mtu asijipake marashi. Hakusema koti. Sheria isomwe vizuri, na mimi siku hizi nasoma.

Kopo la nyirinyiri kifuniko kimepotea. Nimeifunga nyama kwa gazeti, na gazeti juu ya gazeti. Imara kabisa.

Hoda amekuja, ameona gazeti, ameshika kichwa. Akaketi chini mbele yangu kama alipokuwa mdogo. Akasema kesho ni mlo mmoja tu wa maisha yangu, nimwachie mtu mwingine. Akasema anajua ninavyokaa mlangoni jioni nikiwapa amri mbuzi wa watu wanaopita. Akasema Barwaqo amemwambia yeye, mwanamke kwa mwanamke, kwamba mimi ndiye ninayemchekesha, moyo wake uko upande wangu, anaogopa kitu kimoja tu na nakijua. "Aabo, usijiharibie." Macho yake yalikuwa na machozi.

Nikamwahidi. Nikasema wallahi kesho mimi ni jiwe. Na nilimaanisha, naandika hapa ijulikane.

Alipotoka nilimwambia tu kwamba ule mlango hufungwa kwa kuuinua kidogo. Akaufunga vibaya.

Alhamisi, 11 Septemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, maana mji umeshaanza kusema uongo.

Nilifika kabla ya watu. Barwaqo akaja na baibui ya buluu, akasema salaam aleikum Mzee Shuriye, leo umekuja na jeshi zima. Alimaanisha koti. Alikuwa anatabasamu. Hoda akakaa kando kidogo, kama inavyotakiwa, watu wasiseme tumeachwa peke yetu. Mwisho wa kaunta kulikuwa na injinia wa barabara, kijana, ndevu zimeanza juzi.

Lokaale akaweka kipande cheupe juu ya tonge la wali, kidogo kama kidole gumba. Akamwekea Barwaqo kwanza. Mwanamke kwanza, mzee amekaa! Nikanyamaza. Jiwe. Kisha akaniwekea mimi. Nikatayarisha mfuko wa kushoto. Lokaale akanitazama. Barwaqo akanitazama. Hoda akanitazama. Sikuwa nimefikiria kwamba kaunta ya namna hii inamfanya mpishi akuangalie mpaka kooni. Nikameza mzima mzima, kama kidonge.

Haikuwa mbaya. Sijamwambia mtu na sitamwambia.

Cha pili nilitafuna. Cha tatu nilikuwa nimeshakingoja. Barwaqo akanisimulia ngamia wake aliyepotea njia ya Sericho, wakamtafuta mpaka wakakata tamaa, kumbe amerudi nyumbani mbele yao na anawashangaa. Tukacheka sana. Kile kitu cha kijani kinachowasha kila mtu alikuwa amenionya, sikukigusa. Injinia alikigusa. Nilimwelekeza namna ya kukohoa, hayo hayakuwa maneno ya meza yetu, hayahesabiki. Nikasema moyoni, Shuriye, kazi hii ni rahisi. Hoda akanitabasamia kwa mbali.

Halafu joto. Samli huyeyuka, na hilo si kosa langu, ndiyo kazi ya samli. Nikahisi kitu cha uvuguvugu kinashuka pajani. Uudi wa koti nao ukaamka. Lokaale akainua pua. Akanusa huku, akanusa kule. Paka wa duka la mabati akaingia, akakaa chini ya kiti changu, akanitazama kwa mapenzi. Barwaqo akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Mpaka hapo, wallahi, mimi ni jiwe. Jiwe lenye samli, lakini jiwe.

Ndipo Lokaale akatoa samaki mkubwa wa bahari, anaitwa jodari. Pande la nyama nyekundu. Akasema hii ni ya tumbo, yenye mafuta, ndiyo tamu kuliko zote na leo ameletewa kidogo. Nikatazama. Nyama ipo. Kichwa hakipo. Ngozi haipo.

Mtu yeyote wa Isiolo atanielewa. Nyama bila kichwa na bila ngozi ni nyama ya wizi! Ukikutwa nayo porini unaulizwa alama ya mwenye mnyama iko wapi. Nikauliza kwa adabu, kichwa kiko wapi? Lokaale akasema kilibaki Mombasa. Nikauliza ni nani alishuhudia. Hoda akasema Aabo. Nikasema nauliza tu. Hata jiwe linaweza kuuliza.

Akaanza kugawa. Na alivyogawa! Nyama si chakula peke yake. Kidari kina mwenyewe, shingo ina mwenyewe, mkia ni wa watoto. Mtu akipewa kisicho chake, undugu unavunjika. Lokaale akakata ile yenye mafuta kabisa, akamwekea Barwaqo. Kinachofuata, Hoda. Kinachofuata, injinia! Kijana ambaye viatu vyangu vimemzidi umri! Mimi wa mwisho, kipande chembamba cha ukingoni. Na fungu la shemeji je? Hakuna! Mtu anaposa, mnyama amekatwa, na kaka wa mwanamke hajawekewa hata mfupa. Abdikadir akisikia atasema Shuriye amekula peke yake kama fisi. Posa imekufa hapo hapo, na aliyeiua ni Mturkana mwenye aproni.

Miguu ikasimama. Sio mimi, miguu. Nikazunguka kaunta, nikashika kisu. Lokaale akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume mzima. Kumbe kisu hicho alipewa na Mjapani na hakishikwi na mtu mwingine. Kilikuwa kisu kizuri. Nikamwambia kinataka kunolewa.

Nikagawa sawasawa, kwa umri na kwa heshima. Injinia nikampa ncha, akashukuru. Hoda nikampa cha ukingoni, ni damu yangu, atavumilia. Changu nikachukua cha mzee. Na ile ya tumbo yenye mafuta, iliyokuwa mbele ya Barwaqo, nikaiinua kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo kidari. Hiyo ndiyo ya shemeji. Mfukoni nilikuwa na gazeti, limelowa samli lakini gazeti ni gazeti. Nikaifunga, nikamwita mtu wa boda pale nje, nikamwambia apeleke kwa Abdikadir, aseme imetoka kwa Shuriye. Nikarudi kiti changu nikapangusa mikono. Kazi safi.

Barwaqo alikuwa anatazama kibao chake. Hakikuwa na kitu. Akauliza, kwa sauti ndogo: "Mzee Shuriye, ile yangu umempa nani?"

Nikamweleza kwamba ni heshima kwa watu wake. Akauliza kama nilimuuliza yeye. Nikasema heshima haiulizwi. Akasema sawa. Akasema maneno hayo anayajua, aliishi nayo nyumba moja. Lokaale akamwekea tango lililoviringishwa kwa wali, akalila polepole mpaka likaisha. Akaaga kila mtu, hata paka. Macho yake yalikuwa na maji.

Furaha, nafikiri. Ama kile cha kijani.

Ijumaa, 12 Septemba

Mtu wa boda ni mtu bure kabisa. Jana alipakia abiria kwanza, akampeleka anakojua yeye, akanywa chai, ndipo akafikisha fungu kwa Abdikadir karibu na alasiri. Jua lote la Septemba lilikuwa limepita juu ya lile gazeti.

Mke wa Abdikadir akafungua. Nyama mbichi nyekundu, inatoa mafuta, inanukia uudi, imefungwa kwa gazeti, imetoka kwa mwanamume anayeposa. Akapiga ukemi. Sihiri! Wakaitwa majirani, akaitwa sheikh, ikasomewa, ikazikwa mbali na nyumba, na watoto wakaogeshwa.

Leo baada ya swala Abdikadir akanisalimia kwa kiwiko. Akauliza niliwafunga na nini kwenye ile nyama. Nikamwambia hakuna sihiri, ni tumbo la jodari. Akauliza jodari ni mnyama gani. Nikamwambia ni samaki. Akaniuliza kama nimemtumia yeye, mtoto wa mwenye ngamia, samaki. Nikasema ndiyo, sehemu bora. Akafikiri kidogo, akasema afadhali ingekuwa sihiri.

Halafu akatoa jibu, pale pale kwenye viatu, mlangoni mwa msikiti. Barwaqo amemkubali Jattani. Nikauliza sababu. Akasema dada yake amesema hivi: nimekula na wanaume wawili, na kwa mmoja nilikula chakula changu.

Nikarudi nyumbani. Nyumba kimya. Mlango haujafungwa vizuri tangu juzi. Nikauambia maneno, lakini mlango ni mlango.

Nimechunguza nilikosea wapi. Ni koti. Vifungo havifiki, mwanamke huona vitu kama hivyo. Pia boda. Pia Lokaale, aliyeficha kichwa cha samaki na kuleta wasiwasi mezani.

Hoda akaja. Hakusema "nilikuambia", akapika chai tu. Maziwa kabla ya majani, kijiko hakikujaa. Nikainywa bila neno. Nilikuwa mgonjwa. Haihesabiki.

Jumapili, 14 Septemba

Jattani amekuja mlangoni kwangu. Akakaa. Akanyamaza mpaka mbuzi wa jirani wakapita wote. Nikawapa maelekezo, wakapita. Ndipo akasema nikaha ni Jumapili ijayo, wanachinja ngamia mmoja na mbuzi. Akasema anataka nyama nigawe mimi.

Nikamuuliza kwa nini, na wakati mji mzima unanicheka. Akasema afadhali anipe ruhusa kuliko niibe. Akasema Barwaqo pia amekubali. Ati alicheka mpaka akakaa chini.

Nilitaka kumchelewesha jibu, ajue mimi ni nani. Nikawa nimeshakubali kabla hajamaliza.

Sasa nauliza, na aliye na akili ajibu. Kwenye harusi mkubwa ni nani? Bwana harusi anakaa tu, amevalishwa, analishwa, kama mtu aliyevunjika mguu. Mgawaji amesimama, kisu mkononi, ukoo wote unamtazama yeye. Nani ameshinda hapa? Nimemshinda Jattani kwenye harusi yake mwenyewe!

Kisu kimenolewa. Mipango imekamilika. Abdikadir atapata kidari, na safari hii kichwa kitakuwepo, ngozi itakuwepo, na mashahidi watakuwepo. Lokaale amealikwa. Nilikwenda kumwambia nitampa shingo. Akasema yeye angependa ini. Nikamwambia: unakaa, unakula, unashukuru. Nikamtajia na lile neno lake la Kijapani. Akafunga mlango. Anaufunga vizuri, lazima niseme.

Barwaqo naye ametuma maneno kwa Hoda. Siku yake, atajipakulia mwenyewe kwenye sinia, kwa mkono wake, anachotaka yeye. Hoda amenirudishia hayo maneno tena na tena, ameniangalia machoni, ameniuliza kama nimesikia. Nimesikia! Mimi si Jattani, masikio yangu yote mawili yanafanya kazi.

Ubavu wake nimeshauchagua. Wa upande wa kulia, karibu na shingo, wenye mafuta. Ataupenda sana.